Kulitafutia Chozi Njia

Jicho halingoji msiba ndipo litoe machozi. Tangu mtu anapoamka hadi anapolala, tezi iliyojificha juu ya jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa nyusi, hutoa maji kidogo kidogo. Kila anapopepesa, kope huyapaka maji hayo kwenye uso wa jicho na kuyasukuma kuelekea pembe ya ndani, jirani na pua. Hapo pana vitundu viwili, kimoja kwenye ukingo wa kope ya juu na kingine kwenye kope ya chini, kila kimoja kikiwa na upana wa takribani milimita 0.3. Simama mbele ya kioo, vuta kope yako ya chini polepole, utakiona kimekaa juu ya kinundu kidogo. Machozi yasiyokauka hewani huondokea humo.

Kutoka kwenye kitundu, chozi hushuka milimita 2 ndani ya kope, kisha hukata kona na kufuata kifereji chembamba chenye urefu wa milimita 8 hadi 10. Kifereji cha juu na cha chini kwa kawaida huungana kabla ya kuingia kwenye mfuko wa machozi. Mfuko wenyewe umelala ndani ya kibonde cha mfupa kati ya jicho na pua, kimo chake milimita 12 hadi 15. Chini yake huendelea mrija uliozungukwa na mfupa, unaotokea puani chini ya kunjo la chini, moja ya makunjo ya mfupa na nyama yaliyotokeza kwenye ukuta wa pua. Ndiyo sababu anayelia hupenga kamasi, na aliyetiwa dawa ya jicho huisikia uchungu wake kooni.

Njia hiyo ikiziba, mambo hubadilika taratibu. Kwa watoto wachanga kizuizi huwa mara nyingi ni utando mwembamba kwenye mlango wa chini wa mrija ambao haujapasuka. Wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, hasa mama akifundishwa kukanda pembe ya jicho kwa kidole kuelekea chini. Kwa watu wazima hakuna bahati hiyo. Uvimbe wa polepole huubana mrija mwaka baada ya mwaka, na wanaoathirika zaidi ni wanawake waliovuka umri wa kati, ambao mrija wao ni mwembamba kuliko wa wanaume. Machozi hufurika shavuni. Ngozi ya chini ya jicho huwasha na kuchubuka kwa kupanguswa. Maji yaliyotuama mfukoni huwa ute, ute hupata wadudu, na siku moja mtu huamka na jipu kando ya pua, jekundu, lenye homa.

Kuna watu wanaozunguka na leso mkononi miaka mingi wakidhani ni mzio, au vumbi, au uzee. Tatizo lao haliui, na pengine ndiyo maana halizungumzwi. Lakini mtu asiyeweza kusoma ukurasa mmoja bila kupangusa jicho, anayeulizwa kila mara analia nini, amebeba mzigo halisi. Wapo madaktari wa masikio, pua na koo, na wa macho, walioamua kuutua mzigo huo kwa kazi inayofanyika ndani ya tundu la pua, kwenye eneo lisilofika upana wa ukucha wa kidole gumba. Nimeitazama kazi hiyo kwa ruhusa ya daktari na ya wagonjwa wake. Ninataka kuieleza kwa mwendo wake wenyewe, ambao hauna haraka.

Kazi huanza kwenye kiti, vyombo vikiwa bado vimefunikwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, daktari.”

Daktari anavuta kiti karibu na kuuliza. Ni jicho moja au yote mawili? Linatoka machozi hata ndani ya nyumba, au kwenye upepo tu? Linawasha? Asubuhi kuna matongotongo? Umewahi kuumia uso, au kupasuliwa pua? Machozi yamewahi kuwa na damu? Kila swali linafungua njia moja na kufunga nyingine. Jicho linalowasha lina uwezekano mkubwa wa kuwa na mzio. Machozi yenye damu yanamfanya daktari afikirie uvimbe mbaya, na hapo safari inabadilika kabisa. Lipo pia jicho kavu, ambalo kwa ukavu wake huchokozwa na hewa na kujibu kwa mafuriko. Kulipasua jicho la namna hiyo ni kumwonea mgonjwa.

Kisha anazitazama kope. Je, zimelegea na kugeukia nje, kitundu kikawa hakigusi tena machozi? Je, kuna vinywele vilivyogeukia ndani na kukwaruza jicho, jambo linalojulikana sana katika maeneo yetu yenye ugonjwa wa vikope? Je, vitundu vyenyewe vipo wazi? Haya yote anayaona kwa macho na taa.

“Mama, nitabonyeza hapa kando ya pua. Ukiumia, niambie.”

Kidole cha shahada kinakaa juu ya mfuko na kusukuma kwa uzito mdogo. Kutoka kwenye kitundu cha chini unapanda ute mzito, mweupe. Daktari anaupangusa kwa pamba na kuitikia kwa kichwa. Ute ukirudi hivyo, vifereji vya juu viko wazi, na kilichoziba kiko chini ya mfuko.

Hata hivyo hakomei hapo. Anadondosha rangi ya fluoresini katika macho yote mawili na kusubiri dakika 5. Jicho lenye njia husafika. Jicho lililoziba hubaki na mstari wa kijani kibichi kwenye ukingo wa kope, unaong'aa chini ya taa ya bluu. Baada ya hapo inakuja hatua ambayo kwangu ndiyo inayomtenganisha fundi na mwanafunzi: kusukuma maji kwa kanula, sindano nyembamba yenye ncha butu.

Anatia tone la ganzi. Anakipanua kitundu kwa kipanulio, chuma chembamba chenye ncha butu, akikizungusha katikati ya vidole bila kukilazimisha. Kanula inaingia wima milimita 2 za kwanza. Kabla ya kuigeuza, anaivuta kope kuelekea nje kwa kidole gumba hadi ikaze. Hapa ndipo mkono wa haraka huharibu: kope ikiwa imelegea, ukuta wa kifereji hujikunja mbele ya chuma na kumdanganya mpimaji kwamba njia imeziba, au chuma hutoboa njia ya uongo. Kope ikikaza, kifereji kinanyooka, na kanula inateleza bila kusukumwa.

Sasa daktari anasikiliza kwa ncha za vidole. Kanula ikigonga kitu kigumu na kusimama, imepita mfukoni na kugusa ukuta wenye mfupa nyuma yake. Kifereji ni kizima. Ikisimama kwenye kitu laini kinachobonyea, na kope nzima ikasogea nayo, basi kifereji chenyewe kimeziba, na upasuaji wa kawaida hautasaidia. Tofauti ya kugonga na kubonyea ni ndogo mno, lakini juu yake hukaa uamuzi wote. Kwa mama huyu kanula inagonga. Maji ya chumvi yanasukumwa polepole, na badala ya kushuka kooni yanarudi kupitia kitundu cha juu, yamebeba ute.

Mwisho wa uchunguzi ndipo endoskopu inapoingia puani: fimbo ngumu ya chuma yenye upana wa milimita 4, ndani yake mna lenzi, na kwenye mpini wake kamera. Moja hutazama mbele moja kwa moja, nyingine kwa mshazari wa nyuzi 30. Daktari anatafuta nyama za pua, ukuta wa kati uliopinda, uvimbe, kovu la zamani. Zaidi ya yote anapima nafasi: je, vyombo viwili vitapita hapa bila kuchubua? Panapokuwa na historia ya ajali au shaka ya uvimbe, anaagiza picha ya CT. Penginepo picha haihitajiki, na naheshimu kwamba haiagizwi kwa mazoea tu.

Japani wamekwenda hatua nyingine. Huko wapo madaktari wanaotumia endoskopu yenye upana wa milimita 0.9 hivi, inayoingia kwenye kitundu cha kope chenyewe na kusafiri ndani ya njia ya machozi hadi mahali palipoziba. Wanakiona kizuizi kwenye skrini, na panapofaa wanakipenya hapohapo na kuacha mrija wa silikoni. Ni ustadi wa ajabu, unafaa hasa kwa kizuizi kifupi, na hauhitaji kugusa mfupa. Kwingineko duniani, njia iliyozoeleka kwa mtu mzima ni nyingine: kuuacha mrija uliokufa mahali pake na kuufungulia mfuko mlango mpya moja kwa moja hadi puani.

Wazo hilo lina zaidi ya karne. Mwaka 1893 Mmarekani Caldwell alieleza jinsi ya kulifanya kupitia puani, lakini ndani ya pua kulikuwa giza, na wachache walimfuata. Mwaka 1904 Mwitalia Addeo Toti alipita nje, kwa kukata ngozi kando ya pua, na njia yake ikatawala kwa miaka mingi kwa kuwa mpasuaji aliona alichokifanya. Mwaka 1921 Wafaransa Dupuy-Dutemps na Bourguet wakaongeza jambo kubwa: kushona utando wa mfuko na utando wa pua pamoja, ili mlango uwe na bitana. Kisha mwanafizikia wa Uingereza, Harold Hopkins, akabuni fimbo ya lenzi iliyoleta picha angavu ndani ya mwili. Pua ikapata mwanga. Mwaka 1989 McDonogh na Meiring wa Afrika Kusini walichapisha maelezo ya upasuaji huu kwa endoskopu ya kisasa, na kazi ya Caldwell ikarudi ikiwa na macho. Inanifurahisha kwamba hatua hiyo ilitokea katika bara letu.

Kwenye chumba cha upasuaji mgonjwa amelazwa kichwa kikiwa juu kidogo ya kifua, ili damu isijae puani. Mtaalamu wa usingizi ameishusha presha kwa kiasi salama. Macho yote mawili yameachwa bila kufunikwa, na si kwa kusahau: nyuma ya mfuko, baada ya ukuta mwembamba sana, kuna mafuta yanayolizunguka jicho, na msaidizi lazima aone kama jicho linatikisika chombo kinapofanya kazi ndani.

Daktari anachukua vipande vya pamba vilivyolowekwa adrenalini na kuvipanga puani, kimoja kimoja, chini ya mwongozo wa endoskopu. Kisha anaingiza sindano ya lignokeini yenye adrenalini kwenye utando ulio mbele ya kunjo la kati, hadi utando ugeuke mweupe. Halafu anaweka vyombo chini na kusubiri.

Dakika 10 za kusubiri zina uzito wake. Vyombo vyote viko tayari na chumba kizima kinamtazama, lakini daktari hagusi kitu. Mishipa ya pua inabana polepole, na hakuna mkono unaoweza kuiharakisha. Tone moja la damu kwenye kioo cha endoskopu linatosha kuifuta picha yote. Aliyekata mapema atatumia saa nzima akifyonza na kufuta, akifanya kazi kwa kukisia. Pamba zinapotolewa, pua ambayo ilikuwa nyekundu na iliyobana imekuwa ya waridi hafifu na pana.

Kunjo la kati la pua linashikana na ukuta kwa kona ya mbele, na kona hiyo ndiyo alama kuu ya ramani. Zamani wengi waliamini kwamba mfuko uko chini yake. Mwaka 2000 Peter-John Wormald na wenzake walipopima kwa picha za CT waliona kwamba sehemu kubwa ya mfuko iko juu: kwa wastani milimita 8.8 juu ya kona hiyo, na milimita 4.1 tu chini. Namba hizo mbili zilibadilisha upasuaji. Waliokuwa wakifungua chini walikuwa wakiacha zaidi ya nusu ya mfuko nyuma ya mfupa.

Kwa hiyo kisu kinaanza juu, milimita 8 hadi 10 juu ya kona, na kuja mbele milimita 10 hivi. Kisha kinageuzwa wima na kushuka hadi karibu na mzizi wa kunjo la chini, halafu kinarudi nyuma. Mikato mitatu, kila mmoja hadi mfupani, kwa mkono usiorudia. Kibanduo chenye tundu la kufyonza kinaingia chini ya utando na kuuinua, ncha yake ikiwa haiachani na mfupa hata kidogo. Utando unainuka ukiwa mzima na kukunjwa nyuma ya kunjo la kati. Daktari hautupi. Mwanafunzi aliyesimama karibu nami aliuliza kwa sauti ya chini kwa nini usikatwe tu ukatoka njiani, na daktari akamjibu bila kuondoa macho kwenye skrini: “Huo ndio bitana ya mlango wetu. Tutauhitaji.”

Mfupa sasa uko wazi, na ni mifupa miwili. Nyuma kuna mfupa wa machozi, mwembamba kiasi kwamba unabanduka kwa ncha ya kisu cha duara. Mbele kuna tawi la mfupa wa taya la juu, gumu na nene. Daktari anabandua kile chembamba kwanza, akitoa magamba yake polepole, na kwenye pengo hilo anaingiza mguu wa koleo la kung'ata mfupa.

Hapa nilisogea karibu zaidi na skrini. Koleo lina mguu bapa unaopita nyuma ya mfupa na taya linaloshuka kutoka mbele. Nyuma ya mfupa, umegusana na mguu huo, uko mfuko wa machozi, ambao ukuta wake ukichanika sasa hautakuwa na faida baadaye. Basi kabla ya kila kung'ata, daktari anafanya kitu ambacho ningekikosa kama nisingeonyeshwa: anaubana mfupa kidogo, kisha analegeza, kisha anabana tena. Katika kule kulegeza, kipande cha mfuko kilichonaswa hupata nafasi ya kuponyoka. Ndipo anang'ata. Mlio mdogo mkavu. Koleo linatoka, muuguzi anapangusa kipande cha mfupa kwenye gozi, koleo linarudi. Kubana, kulegeza, kubana, kung'ata. Hakuna kipande kinachozidi milimita mbili tatu, na hakuna hatua inayorukwa kwa sababu ile iliyotangulia ilikwenda vizuri.

Kadiri anavyopanda, mfupa unanenepa hadi koleo linashindwa kuushika. Wengi waliotangulia walikuwa wakiishia hapa. Daktari anaomba keekee yenye kichwa cha almasi, iliyopinda kidogo shingoni, inayomwagiwa maji muda wote ili mfupa usiungue. Kichwa cha almasi hakikati kwa meno. Kinasaga, na kikigusa ukuta wa mfuko kwa wepesi hakiurarui. Anakishika bila kukandamiza, anakipitisha juu ya mfupa kwa mipapaso mifupi, maji na unga mweupe vikifyonzwa. Mfupa unapungua hadi kivuli cha mfuko kinaonekana nyuma yake, kisha unaondoka. Anaendelea hadi mfuko mzima, kutoka kichwa hadi shingo, umesimama wazi puani.

Anajihakikishia. Kidole cha msaidizi kinabonyeza pembe ya jicho kutoka nje, na kwenye skrini ule utando uliofunuliwa unatutumka na kurudi. Ni mfuko.

Kipimio chembamba cha chuma kinaingizwa sasa kwenye kitundu cha kope ya chini, kwa ule utaratibu wa kuvuta kope na kugeuza, hadi kifike mfukoni. Kinausukuma ukuta wa mfuko kuelekea puani, nao unanyanyuka. Daktari hakati bado. Anangoja auone mng'ao wa chuma kupitia ukuta huo mwembamba. Ukuta ukinyanyuka mnene, bila chuma kuonekana, huenda ncha haijaingia mfukoni bali imesimama mlangoni pa kifereji, na kukata hapo ni kuharibu kilichokuwa kizima. Anarudisha kipimio nyuma kidogo, anakielekeza upya, anasukuma. Sasa chuma kinaonekana.

Kisu chenye umbo la mkuki kinaingia na kushuka kutoka juu hadi chini kwa mkato mmoja mrefu. Ute uliokaa humo muda mrefu unamwagika, mzito, wa manjano, na mashine ya kufyonza inaupokea. Mikato midogo ya kulala inaongezwa juu na chini, kisha ukuta wa mbele unakunjuliwa mbele na wa nyuma unakunjuliwa nyuma, mfuko ukalala bapa kama kitabu kilichofunuliwa. Ndani yake, upande wa juu, kuna tundu dogo ambalo ncha ya kipimio inatokea. Ndiyo njia ya machozi kutoka kwenye jicho, na sasa hakuna kitu kati yake na pua. Daktari anapima nafasi ya mfupa juu ya tundu hilo. Anataka milimita 5 zisizo na mfupa, na pale anapoona chache zaidi anairudisha keekee.

Kisha anaurudia ule utando wa pua uliokunjwa tangu mwanzo. Kwa koleo linalokata bila kuvuta anaondoa sehemu ya katikati, akibakiza kingo za kufunika mfupa ulio wazi juu na chini. Kingo hizo anazilaza moja moja hadi ziguse kingo za mfuko, utando kwa utando. Mfupa ulioachwa uchi huota nyama changa, nyama hukaza kuwa kovu, kovu huziba mlango. Dupuy-Dutemps na Bourguet walilizuia hilo kwa uzi na sindano. Hapa hakuna uzi. Kuna kupima tu, na kulaza mahali panapostahili. Hii ndiyo sehemu ninayoiona nzuri kuliko zote. Mfupa wote uliokwisha ondolewa, na ustadi wote wa koleo na keekee, vinategemea utando laini ambao mkono mmoja wenye papara ungekuwa umeutupa mwanzoni.

Madaktari hawakubaliani kuhusu hatua inayofuata. Wengine humaliza hapa. Wengine, akiwamo huyu, hupitisha mrija laini wa silikoni kwenye vitundu vyote viwili, ncha zake zikashuka puani kupitia mlango mpya na kufungwa fundo, ingawa tafiti zimeshindwa kuonyesha tofauti kubwa kati ya walioachiwa mrija na wasioachiwa. Anapoufunga anakivuta kidogo kitanzi cha mrija kinachobaki kwenye pembe ya jicho kuhakikisha kimelegea; kikikaza kitakata kitundu taratibu. Kipande cha sponji inayoyeyuka kinawekwa juu ya utando kuushikilia mahali pake. Pua haijazwi gozi, na usoni mwa mgonjwa hakuna mshono.

Alipoamka, mama aliambiwa asipenge pua kwa wiki mbili, na chafya ikija aiachie kinywa wazi, maana hewa ikisukumwa kwa nguvu hupanda kupitia mlango mpya na kuvimbisha kope. Alipewa matone ya jicho, na maji ya chumvi ya kuoshea pua mara kadhaa kwa siku. Wiki ya kwanza au ya pili daktari husafisha magamba kwa endoskopu. Baada ya wiki kadhaa mrija wa silikoni hukatwa kwenye pembe ya jicho na kutolewa puani, jambo linaloisha kabla mgonjwa hajamaliza kuogopa.

Matokeo hayajulikani siku ya upasuaji. Tafiti nyingi huweka mafanikio kati ya asilimia 85 na 95, na daktari huyu hasemi “umepona” kabla ya kutia rangi kwenye jicho na kuiona kwa endoskopu ikitokea mlangoni. Mlango wenyewe huwa umepungua sana, umebaki milimita chache, lakini umevikwa utando wenye afya, na mgonjwa akipepesa unatikisika pamoja na kope.

Wapo wanaorudi. Siku nyingine nilimwona daktari akimchunguza mzee aliyekuwa amepasuliwa zamani, kwingine, na ambaye machozi yalimrudia baada ya miezi michache. Endoskopu ilionyesha kovu jeupe na kidimbwi kidogo juu ya kona ya kunjo la kati. Alimwita mwanafunzi wake, akampa kamera aishike, akanyamaza muda mrefu huku kijana akitafuta.

“Unaona nini?”

“Kovu, daktari.”

“Juu ya kovu?”

Kijana alisogeza fimbo ya nyuzi 30, akaigeuza itazame juu. “Mfupa. Haukuondolewa.”

“Milimita ngapi?”

“Tano. Labda sita.”

Daktari alimgeukia mgonjwa. “Mzee wangu, tatizo tumeliona, na linatibika. Tutaingia tena hapohapo.” Mzee aliuliza kama atakatwa usoni safari hii, akaambiwa hapana. Tarehe ikaandikwa kwenye daftari. Pembeni yake daktari akaongeza kwa mkono wake vitu ambavyo muuguzi asisahau kuviandaa: koleo la kung'ata, keekee ya almasi, vipimio vya saizi zote, pamba za ziada.